Mafuta ya kijani: tuache kupima bomba ya moshi, tupime shamba



Mu TFC yangu ya graduat kuko sentensi moja yenye ilinipatia sifa. Niliandika kwamba mafuta yenye kutoka mu mimea hayaongezi kaboni mu hewa, juu kaboni yenye inatoka wakati wa kuyachoma ni ile ile mmea ulikuwa umevuta wakati wa kukomaa. Juri ilitikisa kichwa, nikapata distinksyo. Leo nataka kuikosoa hiyo sentensi mbele yenu. Siikosoi juu ya kuonyesha kwamba nimesoma sana. Ni juu mtu alilipa bei yake, na huyo mtu ni wa nyumba yetu.

Baba mudogo analima mu bonde la Ruzizi, upande wa Uvira. Ana hekta moja na kipande: muhogo, mahindi, maharagi. Mwaka ule nilikuwa naandika TFC juu ya jatrofa, na kampuni moja ikapita mu vijiji na karatasi za rangi. Karatasi zilisema: panda jatrofa, inaota hata ku udongo mubaya, haiombi maji, mbegu tutanunua sisi wenyewe. Baba mudogo akanipigia simu: "Mutoto yangu, weye njo mwenye unasoma udongo. Tufanye nini?" Nikamujibu kama mtu mwenye anajua. Nikamusomea sentensi yangu mu telefone, na hesabu za mavuno zenye nilikuwa nimenakili mu vitabu. Akatosha muhogo ku nusu hekta, akapanda jatrofa.

Mwaka wa tatu alivuna mifuko miwili ya mbegu. Munuaji hakurudi, na numero yenye iliandikwa ku karatasi haikuita tena. Mbegu za jatrofa haziliwi, ziko na sumu. Hata mashudu, ile masalio ya kisha kukamua mafuta, huwezi kuwapa mbuzi wala kuku. Mwaka ule ile nyumba ilinunua unga ku soko, nao njo walikuwa watu wa kuuza unga.

Hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Ile ulinisomea, ulikuwa umepima?"

Sikuwa nimepima. Nilikuwa nimenakili.

Tusifikiri ni sisi peke yetu tulidanganyika. Kati ya 2005 na 2010 dunia nzima ilikuwa na homa ya jatrofa. Tarehe 30 Desemba 2008 Air New Zealand ilirusha ndege kubwa, Boeing 747, na moja ya mashine zake nne ilitumia mafuta yenye nusu ilikuwa ya jatrofa. Ndege ilishuka salama, na magazeti yakashangilia. Ng'ambo ya ziwa letu, Tanzania, wilaya ya Kisarawe, kampuni ya Uingereza ilipata hekta zaidi ya 8,000 za vijiji 11 kwa kupanda jatrofa. Mwaka 2011 ikaanguka. Wanakijiji wakabaki bila kazi, na kurudishiwa ardhi haikuwa kitu chepesi. Kule wanaita huu mti mbono kaburi, juu watu wa zamani walikuwa wanaupanda ku makaburi na ku mipaka ya mashamba. Wazee walijua nafasi yake: ni mti wa mupaka. Sisi wenye karatasi za shule tukautosha ku mupaka, tukauweka katikati ya shamba, pahali pa muhogo.

Kosa la sentensi yangu liko wapi, basi? Sehemu ya kwanza ni kweli kabisa: mmea unavuta kaboni, mafuta yanairudisha. Kosa ni kwamba hesabu yangu ilianza siku shamba lilikuwa tayari limepandwa, na ikaisha ku bomba ya moshi. Niliacha mambo matatu inje: ardhi ilikuwa nini mbele, moto wa kutengeneza mafuta unatoka wapi, na uchafu unabaki kwa nani. Tuyachukue moja moja.

Ardhi ilikuwa nini mbele

Mwaka 2008 Joseph Fargione na wenzake waliandika mu gazeti Science juu ya kitu walikiita deni la kaboni. Wazo lao ni jepesi. Ukikata pori kwa kupanda mmea wa mafuta, ile miti na ule udongo vinatosha kaboni mingi kwa mara moja. Kisha hapo kila mwaka mafuta yako yanaokoa kaboni kidogo kidogo, juu yanachukua nafasi ya esansi ao mazutu. Swali ni miaka ngapi mpaka deni liishe. Walipata hivi: miwa ku savana ya Brazili, ile wanaita Cerrado, miaka 17 hivi. Michikichi mu pori la Indonesia na Malesia lenye udongo wa kawaida, miaka 86. Soya mu pori la Amazoni, miaka 319. Michikichi ku udongo wa matope meusi yenye kujaa maji, ule wanasayansi wanaita piti, miaka 423. Lakini kama unapanda ku ardhi yenye iliisha kuharibika na haikuwa na pori, deni linaweza kuwa karibu zero.

Ni mafuta ya namna moja, yanachomwa mu mashine ya namna moja, na ku bomba ya moshi moshi ni ule ule. Lakini moja linaponya deni mu maisha ya mtu, lingine wajukuu wa wajukuu watakufa bado wanalipa. Njo maana kupima bomba peke yake ni kupima mukia wa nyoka na kusema umejua urefu wake.

Hii habari inatuhusu sisi kuliko wengine. Mwaka 2017 watafiti, na kati yao kulikuwa watu wa Kongo-Brazzaville, walitangaza kwamba mu bonde la kati la mto Kongo kuko piti ya kilometa mraba karibu 145,500, yenye inalalia tani bilioni 30 hivi za kaboni. Hiyo kaboni ilijikusanya miaka elfu na elfu juu maji yaliizuia kuoza. Ukichimba mifereji ya kukausha ule udongo ili michikichi iote, umefungua kifuniko. Na haiko ndoto: mwaka 2007 kampuni ya China ZTE ilitangaza mpango wa shamba kubwa la michikichi mu inchi yetu kwa kutengeneza mafuta ya gari, na hesabu zenye zilitembea mu magazeti zilifika hekta milioni 3. Lile shamba halikuonekana ginsi lilitangazwa. Lakini siku bei ya petroli itapanda tena, mtu mwingine atakuja na karatasi zingine za rangi.

Tena si mara ya kwanza mawese yetu yanatembeza gari za wengine. Mwaka 1937 Mubeleji mmoja, G. Chavanne, alipata hati ya uvumbuzi ya kugeuza mafuta ya mimea kuwa mafuta ya mashine, kile leo tunaita biodizeli. Mwaka 1938 basi ya abiria ilitembea kati ya Bruxelles na Louvain kwa mafuta yenye yalitoka mu mawese. Wakati huo Kongo ilikuwa chini ya Ubeleji na ilikuwa shamba kubwa la mawese. Ku mutego wa Lever, wenye kontra yake na Wabeleji ilitiwa sahihi 1911, watu walikuwa wanalazimishwa kupanda michikichi na kukata ngazi. Mwaka 1931 Wapende wa Kwango waliasi, na lile jambo la kulazimishwa kukata mawese lilikuwa mu sababu. Kwa abiria wa Louvain moshi ulikuwa na harufu nzuri ya kukaanga. Abiria hakuona mtu mwenye alipanda muchikichi.

Moto wa kutengeneza unatoka wapi

Hapa sihitaji profesa, nitaita bamama wa lutuku. Lutuku ni etanoli. Mama mwenye anachemsha muhogo na mahindi ku pipa lake anajua kazi ya etanoli kuliko sisi wote: anajua ginsi inaoza, ginsi inachemka, na zaidi anajua kuni ngapi zinakwisha mbele chupa ijae. Sasa mujue kwamba lutuku ya mama haiwezi kuingia mu esansi. Kwa kuchanganya na esansi, etanoli inapaswa kuwa karibu kavu kabisa, bila maji. Kuchemsha na kuvukisha peke yake kunakomea karibu asilimia 95, hata uchemshe mara ngapi. Ile maji ya mwisho inaomba kazi ingine na nguvu ingine. Kama hiyo nguvu inatoka ku kuni ao ku makala ya pori letu, basi lita moja ya mafuta ya kijani imekula muti wa kijani.

Brazili ilipita hilo shimo namna gani? Tangu 1975 walianzisha programu ya etanoli ya miwa. Kisha kukamua muwa, yale makapi makavu yenye kubaki wanayachoma ku kiwanda chenyewe, yanatoa mvuke na kuran. Muwa unajipikia. Ku Marekani, kwa mahindi, viwanda vingi vinachemsha na gesi ya chini ya ardhi, na mahindi yanakula mbolea ya azoti mingi sana. Sisi wa fakilte ya agro tunajua kitu watu wa mashine wanasahau: sehemu ya ile azoti inatoka mu udongo kama gesi ya protoksidi ya azoti, na kilo moja ya ile gesi inapasha dunia joto karibu mara 270 kuliko kilo moja ya gesi ya kaboni. Haionekani, haina harufu, haipiti ku bomba yoyote ya gari. Inatoka mu shamba. Njo maana etanoli ya mahindi na etanoli ya miwa si ndugu, hata zikiwekwa mu bidoni moja.

Uchafu unabaki kwa nani

Kwa lita moja ya etanoli kiwanda kinatosha lita 10 mpaka 15 za maji machafu ya rangi ya kahawa, yanaitwa vinasi. Yako moto, yako na asidi, na yakiingia mu mto yanamaliza hewa yenye samaki wanapumua. Sisi wa Uvira na Baraka, wenye tunakula ndagala na mukeke, tufikirie hapo. Lakini yale yale maji, ukiyapoza na kuyamwaga ku shamba la miwa kwa kipimo, ni mbolea nzuri yenye potasi. Ni kitu kimoja. Pahali yanamwagwa njo panaamua kama ni sumu ao ni chakula cha udongo.

Hapa lazima niseme pia wema, juu kukosoa bila kusema wema ni kusengenya. Etanoli mu esansi inapunguza ile gesi ya sumu yenye inatoka kama moto haukuungua vizuri. Biodizeli inatoa masizi kidogo kuliko mazutu, na ikimwagika mu ziwa inaoza haraka kuliko mazutu. Kwa mitumbwi ya mashine ya Tanganyika hicho si kitu kidogo. Na kuko inchi ya Afrika yenye ilifanya vizuri bila kelele: Malawi. Tangu 1982 wanachanganya etanoli mu esansi. Wanaitosha mu molasi, ule uji mweusi wenye kubaki kisha kutengeneza sukari ku kiwanda cha Dwangwa. Malawi haina bahari, kama sisi wa mashariki wenye esansi yetu inatoka Mombasa na Dar es Salaam, na kila kilometa inaongeza bei. Hawakukata pori jipya juu ya hiyo etanoli, walitumia masalio. Wakati kiwanda chetu cha Kiliba kilisimama 1996 na vita, hatukupoteza sukari tu. Tulipoteza pia molasi.

Basi ile sentensi ya TFC ingeandikwa namna hii: mafuta ya mimea yanaweza kuwa mema kama yanatoka ku masalio ao ku ardhi yenye haikuwa pori wala chakula, kama yanapikwa na makapi yao yenyewe, na kama maji yake machafu yana pahali pa kwenda. Ni ndefu, haipendezi masikio. Lakini baba mudogo angejua la kufanya.

Hekta moja, safari tatu

Hesabu yenye sikufanya siku ile, nimeifanya sasa. Chukueni karatasi, munihakikishe.

Hekta moja ya muhogo mu inchi yetu inatoa, kwa wastani, tani 8 hivi. Tani moja ya muhogo mubichi inaweza kutoa lita 150 za etanoli kama kiwanda kinatumika vizuri. Hiyo ni lita 1,200. Lakini lita moja ya etanoli iko na nguvu ya karibu theluthi mbili za lita ya esansi, kwa hiyo ni kama lita 800 za esansi. Motari mwenye anatembea kilometa 100 kwa siku anakula lita 2 na nusu. Lita 800 zinamufikisha siku 320. Hekta moja, moto moja, na mwaka haujaisha. Sijatosha hata kuni za kuchemsha.

Hekta ile ile, tukila muhogo: tutoshe robo ya maganda, inabaki kilo 6,000. Kila kilo ina kalori 1,600 hivi. Mtu anahitaji kama kalori 2,000 kwa siku. Ni nguvu ya chakula cha watu 13 mwaka mzima. Najua mtu haishi na bugali peke yake, lakini mumeelewa mizani: watu 13 upande huu, moto moja upande ule.

Hekta ile ile, tukiweka pano za jua. Tufunike nusu tu, meta mraba 5,000, ingine tuache njia. Meta moja ya pano nzuri inatoa wati 200 jua likiwa kali, kwa hiyo jumla ni kilowati 1,000. Tuhesabu saa 4 za jua kamili kwa siku: ni kilowatisaa 4,000. Moto ya kuran inakula kilowatisaa 4 hivi kwa kilometa 100. Ni moto 1,000. Tukate kwa nusu juu ya mawingu, vumbi na hasara ya batri: bado moto 500, kila siku, mwaka mzima. Na pano zinaweza kulala juu ya bati la nyumba bila kugusa shina moja la muhogo.

Kwa mtu wa agro hii hesabu inauma kidogo, juu inasema kwamba jani, lile tunalisifu tangu mwaka wa kwanza, ni mashine mbaya ya kutengeneza mafuta ya moto. Jani halikuumbwa kwa kazi hiyo. Kazi yake ni kulisha.

Kuran nayo tuipime

Sasa wenye kupenda moto ya kuran wasishangilie mbio. Nisipoipima hiyo pia, nitakuwa nimenakili sentensi ingine tu.

Wema wake kwetu ni mukubwa. Kuran ya inchi yetu karibu yote inatoka ku maji: Inga ya kwanza ya 1972, Inga ya pili ya 1982, na kwetu mabwawa ya Ruzizi, la kwanza la mwisho wa miaka ya 1950 na la pili la 1989. Lita moja ya esansi ikiungua inatoa kilo 2.3 za gesi ya kaboni, kwa hiyo motari wetu anatosha karibu kilo 6 kila siku. Kwa kuran ya Ruzizi angetosha karibu hakuna. Ku inchi zenye kuran yao inatoka ku makaa ya mawe, hawana hiyo bahati.

Lakini kuran yetu inakatika. Ikikatika, mtu atawasha grupu ya mazutu ili achaji batri. Kwa zile kilowatisaa 4, grupu itakunywa karibu lita 1 na nusu ya mazutu, na kilo 6 zitashuka tu mpaka kilo 4. Faida kubwa imepotea, na kelele na masizi vimebaki mu mtaa. Moto ya kuran yenye inachaji ku grupu ni moto ya mazutu yenye imevaa nguo mpya.

Tena kuko batri. Karibu asilimia 70 ya kobalti yenye inachimbwa mu dunia inatoka kwetu, upande wa Kolwezi na Likasi. Tunajua bei yake: mito yenye imebadilika rangi, mashamba yenye yamemezwa, vijana mu mashimo bila kofia. Gari linatembea bila moshi ku Ulaya, moshi wake ulibaki Lualaba. Ni ile basi ya Louvain tena. Lakini tusiseme uongo upande huu pia: batri mingi za siku hizi, zaidi za moto na gari za bei nafuu, hazina kobalti. Zinatumia litiumu, chuma na fosfati. Mtu akikuambia kila moto ya kuran ni damu ya Kolwezi, muulize ni batri gani. Na akikuambia batri yake haina dhambi, muulize ikikufa itazikwa wapi, juu mu miji yetu bado tunaona batri za zamani za gari zimepasuliwa nyuma ya karakana, asidi na risasi vinaingia mu udongo wenye mama fulani amepanda lengalenga.

Kuko bandugu wenye wakisoma hivi watasema: basi yote ni uongo, tubaki na esansi yetu. Hapana. Esansi nayo haikuanza ku bomba. Ilianza ku kisima cha petroli, ikapanda meli, ikapanda lori siku na siku, ikamwagwa ku bidoni za bakadhafi pembeni ya barabara, pahali mtoto anakaa na kibatari. Kukosoa mafuta ya kijani si kusifu mafuta meusi. Ni kukataa kwamba neno moja, kijani, lifanye kazi ya kupima pahali petu.

Na lawama yangu ya mwisho ni kwetu, watu wa shule. Mu maktaba ya fakilte nimesoma TFC na memwari mingi juu ya mafuta ya mimea. Ukurasa wa kwanza ni ule ule: joto la dunia, petroli itaisha, suluhisho ni mmea fulani. Kisha mavuno ya kitabu, yenye yalipimwa ku inchi ingine, ku udongo mwingine, na mbolea yenye baba mudogo hajawahi kugusa. Jatrofa iliahidiwa tani 5 za mbegu kwa hekta na zaidi, hata ku udongo wa mawe. Mti unaweza kuishi ku mawe, ni kweli. Lakini kuishi si kuzaa. Kila mwanafunzi wa mwaka wa pili anajua hiyo tofauti, na bado tunaisahau siku tunaandika hitimisho. Hatudanganyi kwa ubaya. Tunaandika kwa juri, hatuandiki kwa mtu mwenye atapanda.

Juma iliyopita baba mudogo alinipigia tena. Kijana wake ni motari, na kuko watu wanamupa moto ya kuran kwa krediti, miezi 24. Aliniuliza, "Mutoto yangu, hii nayo unasema je?" Safari hii sikumusomea kitu. Nilimuuliza mimi: kuran inafika kwenu saa ngapi kwa siku? Batri ni ya namna gani, na ikikufa mbele ya miezi 24 nani analipa? Pahali pa kuchaji kuna pano, ao kuna grupu? Alisema atapita kuangalia na kuandika ku karatasi. Kisha akacheka: "Sasa unaanza kuwa mulimaji."

Ku shamba lake jatrofa imebaki, lakini ku mupaka tu. Ni uzio mzuri, mbuzi haiguse. Muhogo umerudi katikati.

Mwenye kupinga hesabu zangu, alete zake. Nitafurahi kushindwa na mtu mwenye amepima.